Mgagani wa Roshani ya Nyuma

Juzi nilipita nyuma ya soko la Darajani, pale wanapotupa majani ya kabichi na maganda ya ndizi, nikakanyaga mmea. Sikuuona, niliunusa. Harufu kali, nusu ya mboga, nusu ya ngozi mbichi, ilinipanda puani, na kabla sijajua ninafanya nini nikajikuta nimegeuka kutazama kama kuna anayeniona. Mwanamke mzima, mkoba wa kazi begani, nimesimama jaani nageuza shingo kama mtoto aliyetumwa kuchungulia. Ulikuwa mgagani. Nilichuma kitawi, nikakisugua vidoleni, kikanata vilevile kama zamani.

Mtu yeyote wa rika langu aliyekulia Mji Mkongwe anazijua nyumba zile. Kuta nene kiasi cha mtoto kulala dirishani, ngazi zenye giza mchana, na maneno yanayopita kwenye matundu ya funguo. Sisi tulikaa ghorofa ya juu ya nyumba moja kuukuu: Mama, Bibi aliyemzaa baba yangu, mimi, na Siwema. Baba alikuwa mpishi katika hoteli moja kule Kendwa, na alikuja nyumbani siku zake za mapumziko tu, ananukia vitunguu thomu na sabuni ya hotelini. Mama alikuwa mwalimu wa skuli. Siwema alikuwa msichana wa Mkokotoni, ameshamaliza masomo na hajaolewa, aliyeletwa kumsaidia Mama kazi za nyumbani. Chini yetu aliishi Bi Mauwa, mshona kofia, ambaye alimjua kila apandaye ngazi kwa mlio wa viatu vyake.

Kwa nyuma tulikuwa na roshani ya mbao, na hiyo ilikuwa himaya ya Bibi. Alikuwa na asumini yake na mrehani wake, na hilo halikumshangaza mtu. Bibi alizaliwa Kidichi kwenye mashamba ya viungo, na ingawa aliletwa mjini bado bi harusi, mikono yake haikukubali kuachana na udongo. Kilichoshangaza ni siku Siwema aliporudi kutoka kwao akafungua fundo la pembe ya kanga yake, akamwagia Bibi kiganjani mbegu nyeusi kama habasoda, ila ndogo zaidi.

Mama alikuwa anaanika nguo. Akasogea.

"Bi Mkubwa, mbegu za nini hizo?"

"Za mgagani."

"Mgagani si unaota jaani huko? Ukitaka mboga si tununue sokoni?"

"Si wa mboga," Bibi akasema. "Wa kuutizama."

Mama alicheka kidogo, lakini hakuendelea kuanika. Alimtazama Bibi, akamtazama Siwema, na Siwema akainamisha kichwa akijifanya anakaza fundo la kanga ambalo halikuwa na kitu tena. Nakumbuka vizuri kule kuinama. Ndiko tulikoanzia.

Bibi alichukua ndoo tupu ya rangi, akanituma nipashe msumari jikoni, tukaitoboa chini. Udongo ulikuwa wa Kidichi, alioletewa na mpwa wake ndani ya gunia, akauchanganya na samadi ya mbuzi iliyokauka mpaka haina harufu. Mbegu hakuzifukia. Alizinyunyiza juu juu kama mtu anayetia chumvi, akazifunika na vumbi la udongo, akanyunyiza maji kwa vidole. "Ukizizika, zitakufa," aliniambia. "Mgagani unataka uusahau kidogo." Lakini yeye hakuusahau hata kidogo. Kila asubuhi aliumwagia maji aliyooshea mchele, na masalio ya chai, majani na vyote, aliyokusanya kwenye vikombe na visahani vya jikoni. Zilipoota alizipunguza, akabakisha miche michache yenye shina nene. Wadudu wa kijani walipoingia, aliwatoa mmoja mmoja kwa kidole, akipapasa chini ya kila jani. Nilidhani ni mapenzi, ule upapasaji.

Ikachanua. Kama hujawahi kuutazama mgagani kwa karibu, utadhani maua yake hayana maana. Ni madogo, meupe, mengine yanaelekea waridi, na kila moja lina nyuzi ndefu zinazotokeza kama sharubu za paka. Hufunguka jua likipungua. Na hapo ndipo Bibi alipoanza lile jambo lake.

Kila alasiri, baada ya sala, alikuwa akiketi kwenye kiti chake cha ukindu upande mmoja wa roshani, ndoo iko upande wa pili. Kwanza alitulia. Halafu alifunika jicho moja kwa kiganja, akaukabili mgagani, midomo inacheza. Kisha akahamisha kiganja kwenye jicho la pili, akatazama tena. Akishamaliza, mara nyingine alishusha pumzi akasema "Alhamdulillahi", na mara nyingine hakusema chochote, akabaki amekaa na mikono mapajani mpaka adhana ya magharibi.

Nilimwona siku ya kwanza kwa bahati. Siku zilizofuata nilimwona kwa kutumwa. "Hebu kamchungulie bibi yako," Mama alikuwa akiniambia, "halafu uniambie anafanya nini." Nami nilikuwa nikijibanza nyuma ya mlango wa roshani, jicho kwenye ufa, harufu ya mgagani inanijia na vumbi la mbao.

Wakati huohuo nyumba ilikuwa imeanza kuharibika. Sina neno jingine. Siku walipokuja mjomba na mkewe, chai ya maziwa iliyosifiwa kwa iliki yake ilikuwa na chumvi, na mke wa mjomba akaishikilia mdomoni kwa heshima, hatemi wala hamezi. Kikombe cha maua alichopewa Mama siku ya harusi kilikutwa kimevunjika nyuma ya pipa la maji, kimefichwa. Buibui la skuli la Mama likapotea, likaonekana kwenye kapu la matambara ya kupigia deki. Na asubuhi moja Mama aliingia jikoni akamkuta Siwema anamwaga sufuria nzima ya viazi vya kukaanga kwenye pipa la taka.

"Unamwaga nini?"

"Vimeungua, mwalimu."

Havikuwa vimeungua. Mama aliinama akanusa pipa. Vilinuka mafuta ya taa.

Nilisimama mlangoni na sare yangu ya skuli, nikamwona Mama anavyobadilika uso. Siwema hakujitetea. Alisema, "Nlikosea chupa," akaanza kusugua sufuria kwa mchanga, na masikio yake yalikuwa mekundu. Bibi alikuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi, palepale jikoni, nazi mkononi. Alianza kukuna.

Bi Mauwa alipoteremshiwa habari hizi na Mama alishusha sindano yake. "Mimi simo," alisema, ndivyo alivyokuwa akianza siku zote. "Lakini mmea wa jaani kuingizwa ndani! Tena mbegu zimetoka huko upande wa Tumbatu, kwa wenye uganga wao. Na mambo yote haya yameanza lini? Kabla ya ile ndoo au baada yake? Kuna watu, mwalimu, kazi yao ni kuwafunga wenzao macho."

Nilikuwa nimekaa chini napanga vipande vya uzi kwa rangi zao, na maneno yale yaliniingia kama yalivyo. Kuwafunga watu macho. Nilikuwa nimemwona Bibi kwa macho yangu mwenyewe akifunga jicho, moja, halafu la pili, na kusema maneno. Sikujua kwamba watu wazima hulitumia neno lile kwa udanganyifu. Mimi nilielewa kwamba Bibi akifunika jicho lake mbele ya mgagani, kuna mtu mahali fulani anafungwa jicho la kwake. Ndiyo maana Mama hakuona buibui lake lilipo. Ndiyo maana Siwema hakuona chupa. Nilianza kulala na mkono usoni, na chumbani nikiitwa na Bibi nilikuwa nikisema "Naam" kutoka mbali, sisogei.

Kitu kingine ni kwamba ndoo ilikuwa inatembea. Ilianzia mwisho wa roshani, penye kona. Baada ya muda nikaiona katikati. Halafu karibu na mlango. Hakuna aliyesema ameihamisha. Na mlango ule wa roshani, ukiingia tu, kulia ni chumba cha Mama na Baba. Nilipomwambia Mama kwamba mgagani unasogea kwenye chumba chake, hakucheka. Alikwenda kuangalia, akasimama kwa muda, halafu akaingia chumbani akachoma ubani mchana kweupe.

Siku hizo Mama na Bibi walizungumza kwa adabu iliyozidi kiasi. "Bi Mkubwa, umeamkaje?" "Sijambo mwanangu, wewe je?" Maneno yalikuwa safi kama sahani zilizooshwa, wala hakuna aliyekula kwenye sahani hizo. Nilimsikia Mama akimwambia Baba kwenye simu, sauti ameibana: "Kama mama yako kachoka na mji, si umpeleke Kidichi kwa dada yake, akapumzike?" Chumba cha Bibi kilikuwa ng'ambo ya ukuta. Nilijiuliza kama amesikia. Nilipopita mlangoni kwake alikuwa ameketi kitandani wima, uso ameuelekeza kwangu, na hakunisemesha.

Halafu ikapotea pete.

Ilikuwa pete ya dhahabu ya marehemu bibi yangu mwingine, mama yake Mama, nyembamba, iliyokwisha kwa kuvaliwa. Mama alikuwa akiivua wakati wa kukanda unga tu. Siku hiyo aliivua, akaiweka kwenye kisahani juu ya meza ya jikoni, akakanda chapati, akaitwa chini na Bi Mauwa kuangalia kitambaa. Aliporudi, kisahani kilikuwa kimeoshwa na kufunikwa kabatini, na pete haipo.

Tulipindua jikoni kote. Tulichekecha unga. Mama alifungua kifuko cha nguo cha Siwema mbele yetu, akatoa kanga moja moja, akakung'uta, na Siwema amesimama kando na mikono amekunja kifuani kama anayesikia baridi. Haikuonekana. Kutoonekana huko kukawa ndiyo ushahidi.

"Umeshaipeleka kwenu," Mama alisema.

"Wallahi sijaishika, mwalimu."

"Chumvi hukuishika. Kikombe hukukishika. Mafuta ya taa je, nayo hukuyashika?"

Siwema alifungua mdomo. Halafu akafanya jambo ambalo sikulifahamu: alimtazama Bibi. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayengoja kupitishiwa kitu. Bibi alikuwa ameketi mlangoni pa roshani na tasbihi. Vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya punje moja.

"Nimekosa mimi," Siwema akasema. "Nakwenda kwetu."

Mama alimfuata mpaka chini, na kwa hasira yake yalimtoka barazani, mbele ya Bi Mauwa na wanawake wawili waliokuja kuchukua kofia, na muuza ubuyu aliyekuwa anapita. "Mwizi! Nimekulisha kama mwanangu!" Nilikuwa dirishani. Siwema aliondoka na kifuko chake bila kukimbia. Nami nilikuwa na hakika moja tu, kwamba baina yake na Bibi palikuwa na siri, na kwamba ile ndoo ilikuwa inaijua.

Baada ya hapo ikawa nyumba ya watu wawili wanaochungana na mtoto mmoja anayewachunga wote. Mgagani ukaanza kuzeeka, maana ndiyo maisha yake, miezi michache tu, hauna mwaka wa pili. Majani ya chini yakawa manjano, maua yakageuka vijiti virefu vyembamba vilivyojaa mbegu. Bibi alivipapasa kila siku, na vilipoanza kupasuka alivifunga ndani ya kitambaa. Hakukaa tena mbali nao. Ndoo ilikuwa miguuni pake, halafu juu ya kigoda mbele ya magoti yake, uso wake karibu uguse maua ya mwisho. Bado alifunika jicho. Hakusema "Alhamdulillahi" tena.

Asubuhi moja, Baba akiwa nyumbani amelala, Bibi aliniita.

"Njoo mjukuu wangu, tung'oe huu uliokufa tutilie mbegu mpya. Mikono yangu leo haina nguvu."

Nilikwenda kwa sababu kulikuwa na jua na kwa sababu Mama alikuwa karibu, anaanika shuka. Nilishika shina kwa mikono miwili nikavuta. Mzizi ulitoka na bonge la udongo, na katikati ya mizizi na majani ya chai yaliyooza, kitu kikang'aa. Nilikiona mimi, na Mama akakiona katika kufumba na kufumbua. Shuka ilianguka chini.

"Pete yangu!"

Aliinyakua, akaifuta kwenye gauni lake. Kisha uso wake ukaingia hofu ambayo sikupata kuiona kwa mtu mzima. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akanivuta na mimi.

"Umeizika," alimwambia Bibi. "Umeizika pete ya mama yangu chini ya mti wako. Mimi nimekukosea nini, Bi Mkubwa? Nimekukosea nini?"

Ngazi zikalia, Bi Mauwa huyo akafika, mkono kifuani, "Nilisema! Mimi simo, lakini nilisema!" Baba akatoka chumbani na shuka kiunoni, nywele zimesimama.

"Pete gani?" Bibi aliuliza. Ndilo lililonichoma, kwamba aliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli. "Pete gani, mwanangu? Imeonekana?"

Baba aliichukua kutoka kwa Mama, akapiga goti mbele ya mama yake, akamnyooshea kiganja wazi. "Hii hapa, Mama. Ilikuwa kwenye ndoo yako. Imefikaje?"

Bibi alinyoosha mkono. Haukwenda kwenye kiganja cha Baba. Ulipita kando ya bega lake, ukapapasa hewa, ukarudi, ukagusa shavu lake, ukashuka kwa shavu mpaka mkononi. Bi Mauwa alishusha mkono wa kifuani.

"Mama," Baba akasema polepole. "Hii huioni?"

"Siioni, mwanangu." Aliipata kwa ncha za vidole, akaizungusha. "Jicho la kushoto limeshakwenda zamani. La kulia lilikuwa bado linanipa kidogo. Nlikuwa nikikiona kiua cheupe, najua lipo. Leo sijakiona hata kimoja."

"Yamekauka, Bibi," nikasema. Sauti yangu ilitoka bila kuombwa. "Hamna maua leo. Tumeyang'oa."

"Hata juzi," akasema Bibi. "Hata juzi sikuyaona."

Basi yakatoka yote, pale roshani, udongo umetapakaa sakafuni. Ndoo aliisogeza yeye, karibu zaidi kila macho yalipopungua. Chumvi alitia yeye, kwa kutaka kumsaidia Siwema siku ya wageni. Kikombe alikigonga yeye na Siwema akakificha, na buibui alilitia yeye kapuni akidhani ni tambara. Chupa ya mafuta aliimwaga yeye sufuriani, na Siwema akaiwahi kabla moto haujapanda. Na kisahani, siku ile ya chapati, alikikuta mezani, akahisi majimaji ya chai ndani yake, akakimimina kwenye mgagani kama alivyofanya kila siku, akakiosha, akakiweka kabatini. Hakujua kuna pete. Hilo aliapa, na mimi namwamini.

Mama alikuwa amekaa chini kwenye shuka mbichi. "Siwema alijua," alisema.

"Alijua tangu mwanzo. Mgagani nilimwagiza kwa sababu hiyo. Nilimwomba asiseme."

"Na siku ile nilipomfukuza, ulikuwa umekaa palepale."

Bibi alitafuta tasbihi yake kwa kupapasa. Baba aliinuka akaingia ndani, akabaki huko muda mrefu.

Ijumaa iliyofuata Mama alinichukua tukaenda Mkokotoni. Njia nzima Mama alikuwa akiizungusha pete kidoleni. Tulimkuta Siwema sokoni, anamsaidia mama yake kuuza samaki, magamba yamemrukia mpaka kwenye nyusi. Alituona kwa mbali. Aliendelea kumhudumia mteja wake mpaka akamaliza, akanawa, ndipo akaja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Mama aliniumiza mkono kwa kunishika. "Pete imeonekana, Siwema. Najua si wewe. Najua yote. Nimekuja kukuomba radhi, urudi nyumbani."

Siwema alitazama chini. Mama yake nyuma ya meza ya samaki alikuwa ameacha kukata.

"Nshakusamehe," alisema. "Lakini kazini sirudi. Na radhi hii ya huku haifiki kule. Mimi niliitwa mwizi barazani, mchana, watu wanasikia. Hata huku habari imefika, na kuna watu walikuwa waje kwetu kunichumbia, hawakuja. Nisafishe palepale, mwalimu."

Nilimtazama Mama. Alikuwa mwanamke wa kujiheshimu sana, hajapata kuinua sauti mtaani isipokuwa siku ile moja. Nilidhani atakataa.

Siwema alikuja na mama yake, Jumapili, saa za alasiri ambapo baraza imejaa. Mama aliteremka na buibui lake la skuli, akasimama mbele ya wote, Bi Mauwa na sindano zake katikati, akasema kwa sauti anayosomeshea darasa: "Mimi hapa nilimwita binti huyu mwizi. Nilimsingizia. Pete yangu haikuibiwa, na yeye hakuwahi kutwaa hata kijiti cha kiberiti nyumbani kwangu. Aliyesikia siku ile asikie na leo, na aende akaseme kama alivyosema mwanzo." Mwisho wake sauti ilimkatika. Bi Mauwa alianza, "Mimi simo..." na mama yake Siwema akamgeukia, akamtazama tu, na Bi Mauwa akainama kutafuta uzi.

Kisha Siwema akaomba kupanda juu kumsalimia Bibi.

Nilimfuata. Bibi alimjua kwa mlio wa miguu kabla hajafika mlangoni, akanyoosha mikono yote miwili. Siwema aliibusu, akakaa chini mbele yake kama zamani. Nilidhani watalia, maana mimi nilikuwa tayari kulia.

"Bibi," Siwema akasema, kwa upole kabisa, "mimi nilinyamaza kwa sababu uliniomba. Wewe ulinyamaza kwa nini?"

Chini barazani watu walikuwa wanaongea, kikombe kiligonga kisahani. Bibi alilikunja pindo la kanga yake.

"Niliogopa," alisema mwisho. "Nlisikia wanataka kunipeleka Kidichi. Nikasema, nikijulikana sioni, sitakuwa mtu tena katika nyumba hii, nitakuwa mzigo wa kuhamishwa. Nikakuona wewe ni kijana, utapata pengine. Ndivyo nilivyojiambia, mwanangu. Nilikuuza."

Siwema hakusema haidhuru. Nilikuwa nangoja aseme, kwa sababu watu wote niliowajua walikuwa wakisema hivyo. Aliuvuta mkono wake taratibu, akainuka, akamuaga, akashuka ngazi.

Bibi hakupelekwa Kidichi. Mama ndiye aliyekataa, na ndiye aliyempeleka hospitali, ambako waliambiwa wamechelewa, jicho la kulia litabakiwa na mwanga tu. Alijua mchana na usiku, basi. Mbegu za kwenye kitambaa tulizipanda, mimi na yeye, na nyingine baada ya hizo, kila mgagani ukifa tunautilia mwingine. Mimi nilikuwa nikimwambia yamefunguka mangapi, na yeye alikuwa akiniuliza sharubu zina rangi gani leo. Nikaacha kumwogopa. Ila nakiri sikuacha kumchunguza. Mtu ukishamwona mara moja ananyamaza pahala pa kusema, unaendelea kumtega sikio hata anapokuimbia.

Alifariki mimi nikiwa nimeshaanza kazi. Nyumba ilijaa, wanaume barazani, wanawake juu, Mama amekaa pembeni hawezi hata kufunga kanga yake. Maji yalikuwa yameshaletwa na kafuri imeshasagwa, na wale wazee wanaojua kazi ile wakauliza nani wa nyumbani ataingia kusaidia kumwosha. Dada zake Baba wanaishi ng'ambo. Mimi nilisimama, nikakaa tena.

Ngazi zikalia. Nilikuwa sijamwona Siwema kwa miaka mingi, alikuwa ameolewa, amenenepa, amembeba mtoto mgongoni. Alimshusha mtoto akamweka mapajani kwa Mama bila kumuuliza. Alivua viatu. Akakunja mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko, akawaambia wale wazee, "Mimi nnamjua. Nitamwosha."

Akaingia, na mlango ukafungwa.